Usiachie Kabla ya Amina

Baba Upendo,

Kiungo kimeshika. Naanza na hilo kwa sababu najua ndilo ungeuliza kwanza, hata kabla ya kuuliza watoto wamekula nini. Kile cha korongoni, chini ya kahawa ya baba yako, pale ulipoacha bomba limefungwa mfuko wa nailoni mdomoni ili vyura wasiingie. Kimeshika, na vya mteremko wote vimeshika, na maji yamefika.

Haya, sasa salamu. Sisi ni wazima. Baraka ameota meno mawili ya chini na analala vibaya, kwa hiyo na mimi nalala vibaya. Nakuandikia mchana huu akiwa amesinzia kitandani, hapa hapa Kaloleni kwenye chumba chetu, watoto wa mama mwenye nyumba wanacheza rede uani na mpira unagonga ukuta wetu kila mara. Upendo yuko shule. Ukiona mwandiko unapinda ujue nimesinzia na kalamu mkononi. Siku hizi nasinzia hata nikiwa nimesimama. Na kuandika unajua si kazi yangu, niliishia kidato cha nne na matokeo tusiyazungumze. Lakini haya ya leo sitaki mtu mwingine akusimulie vibaya.

Unakumbuka jioni ile umeme ulipokatika? Nikawasha mshumaa, na wewe badala ya kula ukaanza. Ulikuwa na ugonjwa huo wa kueleza. Ukatoa kipande cha bomba mfukoni (mwanaume gani anatembea na kipande cha bomba mfukoni?) ukakiweka kando ya mshumaa, ukasema, "Mama Upendo, hawa ni ndugu wa baba mmoja na mama mmoja." Nikakwambia ugali unapoa. Hukusikia. Ukasema mshumaa na bomba jeusi vimetengenezwa na kitu kile kile, kaboni na haidrojeni, zimeshikana mikono kama watoto wa chekechea wakivushwa barabara. Kwenye mshumaa foleni ni ya watoto ishirini, thelathini. Kwenye bomba foleni ni ya maelfu na maelfu, na foleni nzima ni molekuli moja. "Tofauti yao ni urefu, basi." Ukachukua mshumaa wa akiba, ukauvunja, tak! Ukanipa lile bomba. "Haya, vunja." Nililikunja mpaka vidole vikauma, likarudi palepale kama linanicheka.

Nilikasirika kwa ajili ya mshumaa. Lakini nilipolala nikawa na swali, na asubuhi nikakuuliza: kama kila mnyororo uko peke yake, hata ukiwa mrefu, si utachomoka tu? Ulisubiri nipike tambi. Nilipozishika nizivunje ziingie sufuriani, ukanidaka mkono. "Usivunje!" Upendo akashtuka akalia. Ukazipika mwenyewe, nusu umevunja vipande vipande, nusu nzima, kwenye sufuria mbili, ukatupa uma mimi na mtoto. Zilizovunjwa zilidondoka kutoka kwenye uma kama mchanga. Nzima, Upendo aliinua uma na sufuria yote ikataka kuja juu. Ukasema tazameni, hakuna fundo hata moja. Zimesokotana tu, kila moja imepita chini ya mwenzake, na kwa urefu wake haiwezi kutoka kwa haraka. Ndiyo nguvu ya bomba hiyo. Hakuna gundi, ni urefu na kusokotana.

Tangu siku hiyo sijavunja tambi. Nikizisahau, Upendo ananikumbusha, na sauti anaichukua yako.

Halafu ile ya mlevi. Ulisema mnyororo mrefu haulali umenyooka kama rula. Unajikunja, hatua moja huku, nyingine kule, bila mpango, kama mtu anayetoka kwenye pombe ya ndizi. Akipiga hatua mara nne ya mwanzo, hafiki mbali mara nne, anafika mara mbili tu. Kwa hiyo mnyororo ukiwa mrefu mara nne, donge lake linapanuka mara mbili, na ndani ya donge kunabaki nafasi tele, na humo wanaingia wenzake wakasokotana. Ukaniigizia mlevi mpaka ukagonga kabati la vyombo.

Nilicheka sana siku ile. Sasa mlevi ni mimi, Baba Upendo. Tangu ulipoondoka nimetembea, nimetembea: kliniki, shule, kwa wakwe, kwa mama yangu kule Terrat, kurudi. Ukivuta kamba kutoka ile asubuhi waliponipigia kwamba pikipiki imeteleza kwenye tope, utakuta siko mbali. Lakini siko palepale. Ulisema mwenyewe, anafika.

Nikueleze sasa yaliyotokea.

Tulikuzika kwenye migomba, karibu na bibi yako. Watu walijaa. Walipoanza ule wimbo wetu, wa beti sita, akina mama wa usharika waliuimba vile vile ulivyopenda, taratibu, kila neno linavutwa mpaka pumzi inaisha. Watu walidhani nimepigwa na bumbuwazi kwa sababu sikulia. Nilikuwa na Baraka tumboni, nimeshika mkono wa Upendo, na nilikuwa nahesabu kiungo. Si ndivyo ulivyonifundisha? Loki ya mashine yako ya kuungia mabomba imekufa tangu tulipoanza, ule mkono wake wa chuma lazima mtu aushike ubaki umebana, na wewe ukaamua saa ya kazi hiyo ni wimbo wa nyumbani kwenu. Unakwangua nyuso za mabomba mawili, unazifuta, unaziweka kwenye sahani ya moto, zinalainika, unatoa sahani, unazibana uso kwa uso. Kisha unashika na kuimba. "Sasa ndiyo wanahama," ulikuwa unasema. "Mnyororo wa huku unatambaa kwenda kule, wa kule unakuja huku, kama nyoka kwenye majani marefu. Mrefu anatambaa polepole. Na wakishavuka lazima wapoe wakiwa wamebanwa. Usiachie kabla ya Amina." Na kila kiungo ukakiita ndoa. Ukirudi jioni, "Leo nimefungisha ndoa nne." Mimi Mwarusha, wewe Mmeru, mama yako akaongea Kimeru, mama yangu Kimaa, sisi tukabaki na Kiswahili katikati. Ulinitania kwamba sisi ni mabomba ya viwanda viwili, ila plastiki ni moja.

Basi pale kaburini wimbo ulipofika Amina, niliuachia mkono wa Upendo. Ulikuwa mwekundu. Hakunilalamikia.

Baada ya msiba, Baraka akiwa ameshazaliwa, likaja swali la mashine. Mradi wa maji ulikuwa umebaki mteremko wa mwisho, kutoka korongoni mpaka zahanati, na baba ndiye mwenyekiti wa kamati ya maji, watu wanamuuliza kila Jumapili nje ya kanisa. Nikamwambia baba nitamalizia mimi. Nilikuwa nakushikia mashine tangu Upendo hajatambaa, mkono wangu unaijua. Mdogo wako Aminieli akanijibu yeye, kwa upole wake ule unaoudhi: "Shem, wewe lea mtoto. Ukitaka kazi, tutakutafutia meza ya mboga. Mashine tuachie wanaume." Baba akakubaliana naye. Sikupigana nao. Baraka alikuwa hajafikisha miezi mitatu na mimi nilikuwa hata nywele sijachana. Nikampa Aminieli mashine na nikamwambia yote: kwangua, futa, pasha, bana, imba wimbo mpaka Amina. Akasema, "Wimbo naujua, shem. Mimi ni kiongozi wa kwaya."

Wakaunga mteremko mzima, yeye na vijana wake. Siku ya kufungua maji sikwenda. Mama yako akanipigia, sauti imekauka: "Mama Upendo, maji yote yako kwenye kahawa."

Nilipanda na Baraka mgongoni. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka barabarani, baridi ile ya kwenu inayoingia kwenye mifupa. Nikawakuta wanaume wa kamati wamesimama kwenye matope, mikono mifukoni. Viungo vitatu vya chini, vinavyobeba uzito wote wa maji, vilikuwa vimeachia.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Umekuja na mtoto kwenye baridi hii?"

"Nimekuja kuangalia bomba."

"Bomba ni feki," Aminieli akadakia. "Shem, mimi nimefuata kila kitu. Hizi ni ndoo zimeyeyushwa zikapakwa rangi nyeusi. Tumeshakubaliana, yarudi yote, atafutwe mtu mwingine mwakani."

Mwakani. Yaani uwe umeacha kazi katikati, na yale mabomba uliyoyachagua mwenyewe, ukiyakunja na kuyanusa, yapakiwe yarudi kwa jina lako kama mtu aliyedanganywa, au aliyedanganya. Na mashine ikae stoo kwa baba mpaka ifanye kutu. Na mimi nikauze mboga. Sidharau mboga, mama yangu ametulea kwa mboga. Lakini nilichojifunza kwako ni viungo.

Nikainama nikaangalia mahali palipoachia. Uso ulikuwa laini, Baba Upendo. Laini kama uliokatwa kwa kisu, hakuna hata unyuzi. Nikakumbuka ulivyonionyesha kiungo kizuri ulichokivunja kwa makusudi, jinsi kilivyochanika na kuacha manyuzi kama nyama. Hapa hakuna mnyororo uliokatika kwa sababu hakuna uliovuka.

"Washeni jenereta," nikasema.

Nikaomba kipande cha ndoo iliyopasuka, ile ya kunyweshea ng'ombe. Nikakwangua utepe mwembamba wa ndoo na mwingine wa bomba, nikaziweka kwenye sahani ya moto, kisha nikagusa kila mmoja kwa kijiti. Wa ndoo ulikuwa umeshakuwa uji, ukavutika uzi mwembamba kama wa buibui ukakatika. Wa bomba ulilainika, ukang'aa, ukakaa palepale. Nilipouvuta, nao ulinivuta. Nikawaambia kama ulivyoniambia: hii ya ndoo minyororo yake ni mifupi, inatiririka upesi ili ijaze umbo la ndoo kiwandani. Hii ya bomba ni mirefu, haitiririki hovyo, inataka muda. Bomba ni zima. Aliyechagua hakukosea.

Baba akanitazama. "Kama bomba ni zima, tatizo ni nini?"

Sikutaka kumwaibisha mtu. Nikamuuliza Aminieli, "Shem, mliimba?"

"Tuliimba! Beti zote sita, na Amina juu."

"Basi imbeni nisikie."

Wakaimba. Jamani. Wewe ungekaa chini. Wameugeuza wimbo kuwa wa kwaya ya vijana, ule mwendo wa kinanda, unakwenda mbio kama wanakimbia mvua, miguu inacheza kwenye matope. Beti sita zimeisha kabla Baraka hajamaliza kupiga miayo. Na kwenye kila kiitikio, makofi. Pa-pa-pa! Pa-pa-pa!

Baba akainua mkono wakanyamaza. "Aminieli."

"Naam baba."

"Hapo mlipopiga makofi, mkono wa mashine alishika nani?"

Vijana wakaangaliana. Mmoja akaangalia viganja vyake kama ndiyo anaviona leo. Halafu mama, aliyekuwa amesimama nyuma kwenye migomba, akaanza kucheka, kicheko cha kwanza tangu tukuzike, akajifunika mdomo kwa kanga na mabega yakawa yanamtikisika. Akacheka mpaka Aminieli naye akacheka, akajipiga kichwani. "Kaka angeniua," akasema.

Usingemuua. Ungempiga marufuku kupiga makofi tu.

Tukaanza upya siku ile ile. Tukakata viungo vyote vya Aminieli, hata vile vilivyokuwa havijaachia, maana kiungo cha namna hiyo kinakungojea ulale. Nikaanza na cha korongoni kwa sababu ndicho kigumu. Nilikwangua, nikafuta, nikapasha. Aminieli akatoa sahani, nikabana. Midomo miwili ya plastiki ikajikunja vizuri pande zote, ikagusana. Baba akaanza kuimba. Aliuimba kama unavyoimbwa, taratibu, na wazee wengine wakamfuata.

Ubeti wa pili mkono ukaanza kuniuma. Wa tatu, Baraka akaamka mgongoni akalia, kile kilio cha njaa, na maziwa yakaja yenyewe yakalowesha blauzi mbele ya wanaume wote wale. Mama akaja kumfungua kanga nyuma yangu. Sikugeuka. Ubeti wa nne baba akanyamaza.

Nilijua kwa nini. Ni hapo alipokwama hata kaburini. Akasimama ameinamisha kofia kifuani, mdomo wazi, na sauti haipo. Wazee wakanyamaza naye kwa heshima. Kukawa na jenereta tu, na mtoto analia kwenye migomba. Na mimi nimeshika chuma, nusu ya wimbo imebaki, na kila mtu ananitazama kama vile imekwisha.

Haikuwa imekwisha. Wale wa kwenye bomba walikuwa ndiyo kwanza wanatambaa.

Nikaimba mimi. Unajua sauti yangu, ulikuwa unaniita mbuzi wa Terrat. Nikaimba hivyo hivyo, kimbuzi, ubeti wa nne wote peke yangu, machozi yanaingia mdomoni na siwezi kujifuta. Ubeti wa tano Aminieli akaingia, sauti ya pili, chini, polepole, hakupiga kofi hata moja. Wa sita baba akarudi. Tukafika Amina pamoja, na baba akairefusha Amina hiyo mpaka nikataka kumwambia baba, inatosha, kimepoa.

Ndipo nikaachia.

Vingine vilikuwa rahisi. Ilituchukua mpaka Jumamosi iliyofuata. Walipofungua maji kwenye chanzo mimi nilikuwa korongoni, nimechuchumaa, nimeweka kiganja juu ya kiungo. Bomba lilitetemeka kama ng'ombe akiguswa na nzi, likawa baridi ghafla. Nikasubiri. Kikavu. Nikazungusha kidole pande zote, kikavu. Kule chini zahanati nikasikia watoto wanapiga kelele, na nikajua.

Jioni baba akasema mbele ya wote, "Mashine ni ya Mama Upendo. Aminieli, wewe utambebea jenereta." Aminieli akauliza, "Na kuimba, baba?" Baba akasema, "Kuimba utaomba ruhusa."

Sasa nakwambia langu, kisha nimnyonyeshe mtoto, naona ameanza kugeuka.

Watu wananishauri nikusahau kidogo. Wanasema vizuri tu, wananipenda. Dada zangu wanasema bado msichana, achia. Na mimi nilikuwa nawajibu vibaya, kwa sababu niliona kuachia ni ile ya vijana, unaachia katikati upige makofi, halafu unashangaa maji kwenye kahawa. Lakini siku ile korongoni, baada ya Amina, mkono wangu ulikuwa umekufa ganzi na haukutaka kufunguka. Aminieli ndiye aliyenifungua vidole, kimoja kimoja. Na bomba halikwenda popote. Nikakumbuka ulivyosema kiungo kilichopoa vizuri, ukivuta kwa nguvu zote, litakatika bomba pembeni, si pale palipoungwa.

Kwa hiyo naachia mkono, Baba Upendo. Usidhani ni wewe ninayekuachia. Kilichotakiwa kuvuka kimeshavuka. Kimo kwenye sauti ya Upendo akinikataza kuvunja tambi, kimo kwenye kidole changu kikizunguka bomba, kimo kwa huyu mwenye meno mawili ambaye hukumwona na ana masikio yako yale makubwa, pole yake.

Wiki ijayo tunaanza Olasiti, bomba nene kuliko lile, wimbo mmoja hautatosha, itabidi tuuimbe na kuurudia. Nakuahidi sitaharakisha hata kiungo kimoja, hata mvua inyeshe, hata nichekwe, hata nisinzie. Nitaimba kimbuzi. Watoto wako nitawafundisha yote uliyonifundisha, mshumaa, tambi na mlevi, ila mlevi ataigiza baba mdogo wao, mimi nitagonga kabati.

Lala kwenye migomba yenu. Maji yanapita karibu na miguu yako sasa, ukinyamaza utayasikia.

Baraka ameamka.

Mimi wako,
Mama Upendo